Mbuzi Iliyogeuka Ngamia

Mwaka 2016 mfungo wa Ramadhani uliangukia mwezi wa sita, kusi limeshashika, na mie nilikuwa na oda za futari ambazo sijawahi kuzipata. Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, ikishaswaliwa adhuhuri tu, naburuta mbuzi hadi ukumbini naanza kukuna. Nazi 20, siku nyingine 25. Za mihogo, za magimbi, za tambi, na za samaki wa kupaka ambaye wateja wangu wa Chumbageni hawamli mpaka tui liwe zito la kushika mwiko. Kigoda cha mbuzi mnakijua kilivyo kifupi: magoti yanapanda kifuani, mgongo unapinda kama ndoana, na hapo ndipo unapokaa saa nzima, saa na nusu, unasukuma kifuu mbele na nyuma.

Siku ya nne ya mfungo nikapiga chafya.

Si mzigo, si kuanguka. Chafya ya pilipili manga. Kitu kikanichoma kwenye kalio la kushoto, kikateremka nyuma ya paja, kikapita ubavuni mwa shavu la mguu hadi kwenye kidole cha mwisho, kama nimeshikishwa waya wa umeme. Nikabaki pale pale juu ya mbuzi, nimeshika kifuu, siwezi kunyanyuka wala kukaa. Mdogo wangu ndiye aliyemalizia futari siku ile, na chumvi ilizidi.

Usiku nikashindwa kurukuu. Nikaletewa kiti cha plastiki niswalie, na kwenye kiti chenyewe napo sikai dakika tano. Kulala chali taabu, kuvaa chupi taabu. Naona aibu kidogo kuandika hili, lakini aliyewahi kuumwa hivyo anajua kwamba kuingiza mguu kwenye chupi ndicho kipimo chenyewe.

Nyumba ikajaa waganga. Shangazi yangu akasema ngiri. Jirani akasema figo, maana huku kwetu kiuno kikiuma tu basi ni figo, kunywa maji. Mama yeye alisema neno moja, "Mshipa," akanyamaza, kana kwamba kesi imeshahukumiwa. Na neno lenyewe ndilo lililotupoteza. Mshipa kwa wazee wetu ni ugonjwa, hutembea tumboni na kiunoni, hushuka, hupanda, hutaka kutulizwa kwa dawa. Kwa hiyo nikatulizwa. Akaja bibi mkandaji na mafuta ya nyonyo, akanikanda nikalia, kisha akauvuta mguu mpaka nikasikia nyonga inalia na yeye. Usiku ule nililala vizuri, sitamsingizia. Alfajiri ya daku niliamka siwezi kugeuka.

Baada ya hapo sindano, kwenye zahanati moja ya mtaani ambako hakuna aliyenigusa mgongo wala kuniuliza ninafanya kazi gani. Nilichomwa siku tatu, nikauziwa na mkanda mpana wa kiunoni, nikaambiwa nilale nisitikisike. Nikalala. Wiki mbili na nusu juu ya godoro la sponji lililobonyea katikati, nasikiliza harufu ya futari za wenzangu. Mama akapendekeza twende Galanos, kwenye maji moto ya kiberiti huko Amboni, njia ya Horohoro. Tulikwenda. Maji mazuri, yananuka kama mayai viza, mwili ukalegea vizuri sana, na kurudi ndani ya bajaji kukaniharibia starehe yote. Kila shimo la barabarani lilinifikia kidoleni.

Idi ikapita niko kitandani. Wiki iliyofuata nikaenda Bombo.

Hospitali ile ya mkoa iko juu ya mwamba, bahari chini yake, na lile jengo la zamani la Wajerumani bado limesimama ukingoni. Daktari alinipima, akaniandikia dawa za maumivu, akanielekeza kwenye mazoezi tiba. Mama aliposikia mazoezi aliguna. Mtu hawezi kuvaa viatu anapelekwa kwenye mazoezi!

Mtaalamu alikuwa kijana mdogo, kasomea hospitali ya KCMC, Moshi. Alimwamkia mama shikamoo, akamvutia kiti, kisha akaniambia, "Dada, usikae kama hutaki kukaa." Huyo ndiye mtu wa kwanza kujua kwamba kukaa ndiko kunakoniua.

Alinilaza chali akaunyanyua mguu wa kushoto ukiwa umenyooka. Haukufika hata nusu ya kusimama wima, waya ule ukapita tena. Akaniambia nisimame kwa ncha za vidole vya mguu wa kulia: sawa. Wa kushoto: kisigino hakikunyanyuka. Nilidhani nafanya mzaha mwenyewe. Nikajaribu tena, mguu ukanitazama tu. Halafu akanisogelea, akashusha sauti ili mama asisikie vizuri, akaniuliza kama haja ndogo naizuia kama kawaida, na kama nina ganzi pale ninapokalia, katikati ya mapaja. Nikamjibu huku nimeangalia ukuta. Hakuwa anatafuta umbea. "Siku ukiona hivyo," akasema, "usingoje asubuhi, usingoje mtu. Njoo hapa usiku huo huo, hiyo ni dharura." Kwenye zahanati ile hakuna aliyeniuliza swali hilo, na hilo bado linanikera kuliko pesa za mkanda.

Kisha akatueleza. Kuna neva, yaani mshipa wa fahamu, inayoundwa na mizizi itokayo chini ya uti wa mgongo, nene kuliko zote mwilini, karibu na unene wa kidole gumba, inapita kwenye kalio na kushuka hadi mguuni. Mama akaingilia, "Si ndiyo nimesema mshipa?" Kijana akacheka, akasema, "Mama, mshipa umeutaja sawasawa, ila ugonjwa hauko mguuni. Uko kwenye pingili za mgongo." Akauliza kazi yangu. Nikamwambia futari, vitumbua. Akasema basi chukua kitumbua ambacho hakijaiva katikati, kibane upande wa mbele: uji unatokea wapi? Nyuma. Kati ya pingili na pingili kuna kitu cha namna hiyo, na ukikaa umepinda unakibana mbele kila siku. Kikitokeza nyuma kinaigusa neva. Akasema ni mfano tu, mwilini mambo hayako rahisi hivyo, lakini mie ulinitosha.

"Unakaa wapi unapokuna nazi?"

Sikujibu. Mama ndiye aliyejibu: "Kwenye mbuzi, mwanangu. Atakunia wapi?"

Dawa yenyewe ilikuwa kulala kifudifudi. Basi. Kwanza kulala tu, dakika kadhaa. Halafu kuegemea viwiko. Halafu viganja chini, kunyoosha mikono, kifua kinapanda na nyonga imebaki kwenye mkeka. Mara 10, kila baada ya saa mbili, na katikati ya hapo nitembee, nisilale siku nzima. Mama akauliza, "Hata kidonge humwongezei?" Nikiwa nimelala pale kijana akanipa kisa cha mwalimu wa njia hiyo, Robin McKenzie wa New Zealand. Mwaka 1956 mgonjwa wake mmoja wa mguu alipanda kitandani kifudifudi bila kujua kwamba kitanda kimeinuliwa upande wa kichwani, akakaa hivyo amepinda kwa nyuma. McKenzie aliporudi na kumkuta vile alishtuka. Mgonjwa akamwambia mguu umeacha kuuma. Nilikipenda kisa kile kwa sababu hakuna aliyejifanya alijua tangu mwanzo.

Nyumbani wanangu walifurahi. Walikaa pembeni ya mkeka wananihesabia, na mdogo akasema mama amekuwa mjusi wa ukutani.

Siku ya tisa kiuno kiliniuma vibaya mno. Si mguu, kiuno chenyewe, katikati, kama mtu ameniwekea jiwe. Mama alisimama mlangoni na kanga yake kaifunga kifuani: "Nilikwambia. Sasa wamekuvunja." Nikaamini. Nikapanda bajaji hadi Bombo nikiwa na maneno yangu yote tayari, nikayamwaga mbele ya kijana wa watu bila hata salamu. Akaningoja nimalize.

"Na kidoleni?"

Nikafungua mdomo. Kidoleni. Nikatafuta maumivu ya kidoleni nisiyaone, ya kwenye shavu la mguu nisiyaone, hata paja. Kwa siku mbili sikuwa nimeyahisi na sikujua, kwa jinsi nilivyokuwa nalaani kiuno.

"Yanarudi kwao," akasema. "Yakitoka mguuni yakajikusanya kiunoni, mie nafurahi. Yangeteremka ndiyo ningeogopa. Endelea."

Niliendelea. Nilimuuliza siku moja kama kweli ni mazoezi yaliyonitoa, naye hakujisifu: wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 hata bila kupasuliwa, kazi yake ni kunisaidia nisiuchokoze mgongo wakati unajiponya, na nguvu za mguu zirudi. Kisigino cha kushoto kilichelewa kuliko vyote. Nilikuwa nakijaribu kila nikisubiri chai ichemke, nimeshika ukingo wa meza, na mwezi wa tisa kikanyanyuka.

Kilichobaki ni mbuzi. Seremala wa mtaa wa pili aliipokea akaigeuza geuza, akauliza mara mbili kama nina akili timamu, kisha akaitia miguu mirefu na kikalio kipana, nikawa nakaa kama mtu aliye kwenye kiti, mgongo wima, bakuli juu ya stuli mbele yangu. Majirani walikuja kuiangalia kama bibi harusi. "Hii si mbuzi tena," mmoja akasema, "hii ngamia. Na Ngamiani ndiko kwao." Jina likaganda. Watoto wa mtaa wakawa wanakuja kuuliza wakamuone ngamia.

Mama hakuigusa. Alikuwa na mbuzi yake ya zamani aliyopewa siku ya harusi, na alisema kukuna nazi umekaa juu kama jaji ni kukosa adabu mbele ya nazi.

Alfajiri moja nikasikia mkwaruzo ukumbini. Nikatoka taratibu. Mama alikuwa juu ya ngamia, taa ya chemli pembeni kwa kuwa umeme ulikatika, mgongo umenyooka, anakuna. Aliponiona hakusimama.

"Nimekaa tu," akasema. "Nilitaka kuona inakwendaje."

Sakafuni palikuwa na vifuu 12.