Tuambieni kitufe kimehamia wapi

Jumamosi jioni shangazi kanipigia, sauti imebadilika kabisa, "Mwanangu, madeni yangu hayaonekani." Ana duka la nafaka, na wateja wa kukopa anawaandika kwenye apu ya simu, mtu akija kupunguza deni anabonyeza kitufe cha kulia, "Amelipa", anaweka kiasi, yameisha. Kitufe hicho amekizoea mpaka hakitazami, maana mkono wa pili una kopo la mchele na kuna mtu mwingine anauliza bei ya maharage. Sasa usiku wa kuamkia siku hiyo apu ikajiapdeti yenyewe, "Amelipa" ikahamia kushoto, na pale kulia wakaweka "Futa". Mpaka anashtuka ameshafuta watu sita, na wengi walikuwa wametoa nusu tu.

Tulikaa hadi saa nne usiku tunakumbushana. Mama wa chapati elfu kumi na nane, hapana, alitoa tano juzi. Fundi cherehani kilo tano za maharage. Wawili hatukuwapata kabisa mpaka leo.

Nikaenda kusoma maelezo ya toleo jipya. Sentensi moja: "Tumerekebisha hitilafu na kuboresha utendaji." Basi!

Yaani inaniuma kwa sababu waliotengeneza apu nafasi ya kuandika wanayo. Play Store inawapa herufi 500, App Store inawapa 4,000. "Kitufe cha Amelipa sasa kiko kushoto, kulia ni Futa, angalia kabla ya kubonyeza" hata robo ya hizo 500 haifiki.

Na sisemi waandike kila kitu. Kuna wengine wanamwaga orodha ndefu ya namba za tiketi za kazi zao na majina ya laibrari (vipande vya programu vilivyotengenezwa tayari) walizobadilisha, hiyo ni ya mafundi wenzao, waiweke ukurasa wake anayetaka aifuate huko. Kipimo changu mimi ni mkono wa mtumiaji: chochote atakachokikuta kimebadilika akifungua kesho asubuhi, na chochote kinachogusa hela yake, bando lake, chaji yake au taarifa zake, kiandikwe, hata kama kukiandika kunawaletea maswali.

Hapo kwenye maswali ndo wengi wanakwama. Apple Januari 2017 walitoa iOS 10.2.1, toleo la mfumo unaoendesha iPhone, na ndani yake kulikuwa na kitu cha kupunguza kasi kwenye iPhone zenye betri iliyochoka ili zisizime ghafla. Shida ya kuzima ilikuwepo kweli, na dawa yenyewe ina mantiki. Ila mwenye simu hakuelezwa wazi kwamba simu yake itakuwa nzito, mpaka Desemba mwaka huo walipokiri, wakaomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Februari 2020 Ufaransa ikawapiga faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia watumiaji. Fikiria mtu aliyejibana akanunua simu mpya kumbe alihitaji betri tu.

Mambo ya usalama nayaweka pembeni kidogo, kwa mfano wa kivinjari cha Chrome huwa wanaweza kuficha undani wa tundu, yaani kasoro ambayo wezi wanaweza kupitia, mpaka watumiaji wengi wawe wameshaapdeti, na hilo naliunga mkono, mwizi asipewe ramani. Lakini hata hapo wanakwambia kuna tundu limezibwa, fanya haraka.

Shangazi kaniambia nimzimie apdeti za kujiendesha na akasimama pembeni mpaka nimalize. Nimezima roho ikiniuma maana najua viraka vya usalama navyo vitachelewa. Kwa hiyo sa hivi toleo likitoka naliweka kwanza kwenye simu yangu, nabonyeza kila kitu, halafu asubuhi napita dukani naweka kwenye yake na kumwonyesha kitufe kimoja kimoja kabla wateja hawajaanza kuingia.