Nilimwona Bobrovsky akidaka

Harusi ya mpwa wangu ndiyo iliyonipeleka Florida Novemba iliyopita, na harusi ilifana, waliokuwepo wanajua. Ninachotaka kusimulia ni usiku mmoja katika mji wa Sunrise, magharibi ya Fort Lauderdale, nilipomwona Sergei Bobrovsky, kipa wa timu ya hoki ya barafu ya Florida Panthers, akidaka. Mimi ni mwalimu wa makipa wa mpira wa miguu huko Tanga, wale vijana wa mtaani wanaofanya mazoezi alfajiri kabla jua halijawa kali. Hoki ya barafu sikuwahi kuitazama hata kwenye televisheni.

Shemeji yangu alikuwa zamu hospitalini, kwa hiyo nilikwenda peke yangu kwa gari la kuita kwa simu. Barabara ya kuelekea ukumbini ilipoanza kujaa, dereva akachoka na foleni. Akakata kona, akaingia nyuma ya jengo la maduka lililo mkabala na ukumbi, akasimamisha gari na kuniambia nishuke, ni hapo mbele tu. Nauli alikuwa ameshaikata yote. Jengo lenyewe ni kubwa kupita kiasi; unatembea, unatembea, ukuta hauishi. Nilipolimaliza nikakuta barabara pana isiyo na njia ya waenda kwa miguu, nikapita ukingoni huku magari yakinipuliza upepo wa moto. Nilimwuliza mlinzi mmoja njia, akashangaa zaidi kuniona natembea kuliko kunisikia naulizia hoki. Hewa ya kusini mwa Florida ni ya pwani, nzito, yenye unyevu, sawasawa na Tanga mwezi wa pili. Ukienda magharibi kidogo tu unakutana na vinamasi vya Everglades, kwenye mamba. Katika nchi ya namna hiyo ndimo walimoamua kugandisha maji na kucheza juu yake, na watu zaidi ya elfu kumi na tano wanalipa kuingia.

Nililipa na mimi. Kiti cha juu kabisa, karibu na paa, kilinigharimu zaidi ya laki mbili za kwetu. Soda na mkate wenye soseji, ukizigeuza shilingi, unaweza kuwalisha makipa wangu wote chakula cha mchana. Nilinunua soda, mkate nikauacha.

Shati lilikuwa limelowa jasho, na mle ndani baridi ikanishika mara moja. Kabla ya kipindi cha kwanza kuanza nilikuwa natetemeka meno. Kiti cha pembeni yangu alikaa mzee kutoka Quebec, mmoja wa Wakanada wengi wanaohamia Florida kila majira ya baridi na kurudi kwao theluji ikiyeyuka. Alinitazama kidogo, akavua sweta ya timu aliyoivaa juu ya koti, akaniwekea mabegani. Mgongoni ilikuwa na namba 72, ya Bobrovsky. Nikamshukuru, nikamwambia natoka Tanzania. Akauliza kama upande wetu kuna barafu. Nikamweleza kwamba Nairobi uko uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na kwamba vijana wa pale, timu ya Ice Lions, walikaa miaka bila timu ya kucheza nayo, hadi mwaka 2018 walipopelekwa Toronto na kucheza bega kwa bega na nyota wa hoki Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Hiyo habari aliifahamu! Tangu hapo tukawa marafiki.

“Basi leo usitazame kisahani,” akaniambia, yaani kile wanachokipiga badala ya mpira. “Mtazame Bob.”

Bob ndiye Bobrovsky, na sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Goli la hoki ni dogo, upana hata mita mbili halifiki, na kimo ni kama kifua cha mtu mzima. Kipa amevaa magodoro miguuni, ngao kifuani na kofia yenye wavu wa chuma usoni, na uzito wote unakaribia kilo 20. Mtu asiyejua atasema kazi imekwisha, goli limezibwa. Lakini kile kisahani cha raba ngumu, ambacho hugandishwa kabla ya mchezo ili kisirukeruke, kinaweza kupigwa kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa na zaidi, na mbele ya kipa wamesimama watu wanaomziba macho makusudi. Bobrovsky hakungoja kipigwe. Alisogea mbele kumpunguzia mpigaji goli, akarudi nyuma bila kugeuka, akagusa mwamba kwa mguu kujua yuko wapi. Kisahani kilipopitishwa kutoka kulia kwenda kushoto, yeye alikuwa ameshafika kushoto, goti chini, mguu mmoja umenyooka mpaka kwenye mwamba. Mwanamume wa miaka 37 anapasua msamba akiwa na kilo 20 mwilini, kisha anasimama kama hakuna kilichotokea. Niliguna kwa sauti. Mzee akacheka kwa furaha, akanipiga bega.

Wakati wa mapumziko akaanza kunisimulia, na hapo ndipo usiku ule uliponishika kweli.

NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, ina siku yake kila mwaka ya kugawana vijana, wanaiita drafti. Timu 32 zinachagua kwa zamu, raundi saba, majina 224. Aliyepita umri bila kutajwa hana mwenyewe, anaweza kusajiliwa na yeyote akitokea wa kumtaka. Bobrovsky alizaliwa mwaka 1988 Novokuznetsk, mji wa makaa ya mawe na chuma kule Siberia, baba yake mchimba makaa. Alidakia timu ya nyumbani, Metallurg, timu dhaifu iliyozoea kuburuza mkia. Mamia ya vijana walitajwa kila mwaka, wakiwemo makipa wengi ambao leo hakuna anayewakumbuka, yeye hakutajwa na mtu. Kipa wa timu inayofungwa kila wiki, nani atasafiri mpaka Siberia kumtazama?

Mwaka 2010 Philadelphia Flyers wakamsajili bila drafti. Msimu wake wa kwanza akashinda mechi 28. Ungedhani ameshapata nafasi. Kiangazi kilichofuata timu ikamleta kipa mwingine, Ilya Bryzgalov, kwa mkataba wa miaka tisa, na Bobrovsky akarudishwa benchi. Mwaka 2012 wakampeleka timu ya Columbus, na walichopewa badala yake ni zamu tatu za kuchagua vijana kwenye drafti. Hapo mzee alinyoosha vidole vitatu, akarudia: kijana ambaye hakuna aliyemchagua aliuzwa kwa haki ya kuchagua wengine. Mwaka uliofuata, 2013, akatwaa tuzo ya Vezina, ya kipa bora wa ligi nzima. Akaitwaa tena 2017.

Florida Panthers walimleta mwaka 2019 kwa dola milioni 70, miaka saba. Miaka ya mwanzo aliruhusu magoli mengi, na mzee alikiri kwamba watu wa viti vile vile tulivyokalia walimzomea na kuzihesabu dola zake kila alipofungwa. Mwaka 2023 hatua ya mtoano ilianza yeye akiwa benchi, amedaka Alex Lyon, ambaye naye hakupitia drafti. Walikuwa wanacheza na Boston, timu iliyokuwa imetoka kuvunja rekodi kwa kushinda mechi 65 katika msimu. Bobrovsky akarudishwa golini, Panthers wakatoka nyuma wakawang'oa, wakafika fainali. Wakapoteza. Mwaka 2024 wakarudi fainali na Edmonton, wakashinda tatu za kwanza, wakafungwa tatu zilizofuata, na moja kati ya hizo walipigwa 8 kwa 1. Mechi ya saba, tarehe 24 Juni, aliokoa mashuti 23 kati ya 24. Wakashinda 2 kwa 1. Nahodha Aleksander Barkov alipopokea kombe, wa kwanza kumkabidhi alikuwa Bobrovsky. Mwaka 2025 wakalibeba tena, mbele ya Edmonton wale wale.

Mashuti 23 kati ya 24, baada ya kufungwa kwa aibu siku chache kabla. Mimi nafahamu kipa anavyolala usiku baada ya kufungwa magoli mengi. Anayarudia moja moja mpaka asubuhi.

Kipindi cha tatu, ambacho katika hoki ndicho cha mwisho, nilikitazama huku mawazo yako kwetu. Siku za majaribio uwanja unajaa vijana, na washambuliaji wanachezeshwa mechi nzima. Makipa wanapangwa foleni, kila mmoja anapigiwa mashuti machache, anatazamwa kimo, inatosha. Kijana wangu mmoja, mkono mwepesi kuliko wote niliowahi kufundisha, alirudishwa kutoka Dar es Salaam kwa kuwa ni mfupi. Alikuwa na miaka 16. Sasa anaendesha bodaboda barabara ya Pangani na golini hasimami tena. Kipa hukomaa taratibu, kila mwalimu wa kazi hii anakubali, halafu tunamhukumu mapema kuliko wachezaji wote. Hasira hiyo nimekaa nayo miaka, na usiku ule ilikuja juu yote.

Panthers walishinda. Mara mvua ya panya wa plastiki ikaanza kunyesha uwanjani. Nilishtuka, nikainama. Mzee akanieleza: mwaka 1995 mchezaji Scott Mellanby alimwua panya kwa fimbo yake katika chumba cha kubadilishia nguo, akatoka akafunga magoli mawili kwa fimbo ile ile, na desturi ya kurusha panya ikaanzia hapo. Alikuwa na mmoja mfukoni. Akanipa nimrushe mimi. Sweta alikataa kuipokea kabisa.

Kurudi kulikuwa ghali kuliko kwenda, maana watu wote walikuwa wakiita magari wakati mmoja na bei ilipanda kila nilipoifungua simu. Nilisubiri hadi karibu saa sita usiku.

Kipindi cha pili nilikuwa nimemrekodi Bobrovsky peke yake, na usiku ule ule nikawatumia vijana. Tanga kulikuwa kumekucha. Wengi walilalamika kwamba hawaoni mpira uko wapi. Yule wa bodaboda, ambaye sikumwondoa kwenye kundi letu la simu, alikaa kimya mpaka jioni, ndipo akaandika: “Shikamoo mwalimu. Huyu anaangalia mkono wa mpigaji, haangalii hicho kidude. Nilikuwa nafanya hivyo hivyo.”

Nikamjibu kwamba Jumamosi nitakuwa nimeshafika, aje na glavu.