Kuainisha udongo wa Kano na Maseno: kumbukumbu ya mradi wangu

Mafundi wengi wa Kisumu huuchagulia udongo matumizi kwa kuangalia rangi yake, na mradi huu nimeuanza ili kujua kama rangi inaweza kumwambia mjenzi udongo utafanya nini mvua ikinyesha. Sampuli mbili zilizokamilika zinaonyesha kwamba haiwezi.

Sampuli ya kwanza ni udongo mweusi wa uwanda wa Kano, uliochimbwa karibu na Ahero, ambako wakati wa kiangazi ardhi hupasuka nyufa za kutosha kuingiza mkono. Zaidi ya nusu yake ilipita kwenye chekeche la milimita 0.075, na katika mfumo wa kuainisha udongo ambao mhandisi Arthur Casagrande aliubuni miaka ya 1940 kwa ajili ya viwanja vya ndege, udongo laini kiasi hicho huainishwa kwa tabia yake ukichanganywa na maji, si kwa ukubwa wa chembe. Niliupaka katika kikombe cha shaba, nikauchora mfereji katikati, kisha nikazungusha mpini: kikomo cha umiminiko ni kiwango cha maji kinachoufanya mfereji ufungike kwa urefu wa milimita 13 hivi kikombe kikigonga mara 25. Baadaye niliuviringisha juu ya kioo hadi uzi wake ukaanza kukatika ulipofikia unene wa milimita 3. Hapo ndipo udongo unapoacha kufinyangika, na kiwango chake cha maji wakati huo ndicho kikomo cha pili, cha ufinyangikaji.

Kikomo cha kwanza kilikuwa asilimia 72 na cha pili 30, tofauti yake 42. Casagrande alichora mstari unaopatikana kwa kutoa 20 kwenye kikomo cha umiminiko na kuzidisha kwa 0.73, na hapa unatoa 38. Kwa kuwa 42 iko juu ya mstari, na 72 imepita 50, udongo huu ni CH, yaani mfinyanzi unaofinyangika sana. Madini yake ya montimorilonaiti huvuta maji katikati ya matabaka yake, udongo ukavimba na kuinua msingi, kisha ukanywea jua likiwaka. Nyumba nyepesi ndiyo huumia zaidi, kwa maana haina uzito wa kuuzuia.

Udongo mwekundu wa Maseno ulinishughulisha kuliko huo. Mkononi unanata kama mfinyanzi halisi, lakini vikomo vyake vilikuwa 56 na 35. Tofauti ya 21 iko chini ya mstari, ambao hapo ni 26, kwa hiyo unaingia MH, kundi la silti, yaani udongo wa chembe laini usio mfinyanzi. Jambo hili lilijulikana zamani: mwaka 1958 mhandisi wa udongo Karl Terzaghi alieleza kuhusu bwawa la Sasumua, hapa Kenya, kwamba chembe za udongo mwekundu wenye madini ya haloisaiti hushikamana kuwa vifundo vigumu vyenye vinyweleo, hivyo udongo huwa imara kuliko herufi zake zinavyodokeza. Kwa sababu hiyo sikuukausha kwenye joko kabla ya kupima, maana joto huvigandisha vifundo na kukishusha kikomo cha umiminiko. Naona tahadhari hii inastahili kuzingatiwa na kila anayepima udongo mwekundu wa magharibi mwa Kenya.

Sasa najiandaa kupima majivu ya volkano kutoka Nakuru. Chembe zake za pamisi, jiwe jepesi la volkano lenye vinyweleo, huvunjika zikitikiswa sana, kwa hiyo nitayachekecha kwa muda mfupi kwanza, nipime uzito uliobaki katika kila chekeche, kisha nirudie kwa muda mrefu zaidi na kulinganisha.