Tumepigwa, Tuleteeni Mashua

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Andiko lililonikaba wiki hii ni Ezekieli 33. Mlinzi akiuona upanga unakuja asipige tarumbeta, na mtu akaondolewa, Bwana anasema, "damu yake nitaitaka mkononi mwa mlinzi huyo." Limenikaba kwa sababu walinzi wengi katika makanisa yetu wamenyamaza, na ukimuuliza mmoja mmoja, kila mtu ana sababu nzuri: aliwahi kusema, akaumizwa. Sura hii tumeihubiri hadi tumeizoea. Leo tuisome tukiwa kwenye delta ya Rufiji, mwaka 1915. Asishangae mtu kwamba natoa somo vitani, tena Vita ya Kwanza ya Dunia, vita ya wageni waliogombania ardhi isiyo yao. Bwana alitoa somo hata kwa wakili dhalimu.

Manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, iliipiga na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus hapo Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikaingia Rufiji kujificha, mitambo yake ikiwa mibovu. Vipuri vilikokotwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam na kurudishwa, kwa nguvu za watu wetu ambao majina yao hakuna aliyeyaandika. (Hilo nalo lina tafakari yake, tena ndefu.) Waingereza wakaziba milango ya mto, lakini meli zao kubwa zilizama kina kirefu mno, hazikuweza kupita kwenye mafungu ya mchanga. Na hata zingekaribia, mikoko ilificha kila kitu. Walikuwa na mizinga, ila shabaha hawaioni.

Ikabidi jicho liende juu, na jicho hilo halikupatikana kirahisi. Wa kwanza kupewa kazi alikuwa rubani wa kiraia, Cutler, aliyekodiwa kutoka Durban pamoja na ndege za Curtiss za kutua majini. Rejeta ilivuja hadi ikabidi itafutwe nyingine ya gari la Ford kutoka Mombasa. Aliiona Königsberg mtoni mwezi Novemba. Desemba injini ikamzimikia, akashuka kwenye mto ule ule aliokuwa akiupeleleza, akachukuliwa mateka. Mwanzoni mwa 1915 zikaletwa ndege za Sopwith: gundi ya maungio ikalegea kwa joto, mbao zikapinda, na zikibeba watu wawili na mafuta ya kutosha haziinuki majini. Hewa ya moto ni nyepesi. Bawa halipati cha kuegemea na injini nayo inapungukiwa nguvu. Zilizofuata, za Short, zilipaa, lakini chini mno, kimo ambacho hata bunduki ya kawaida inakufikia. Mpaka ukasafishwa uwanja kisiwani Mafia, zikaja Caudron na Henri Farman za magurudumu, ndipo kazi ikawezekana.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe, maana somo liko humu. Meli mbili zisizozama kina kirefu, Severn na Mersey, ziliingia mtoni na mizinga ya inchi 6. Kutoka zilipotia nanga hadi ilipo Königsberg ni karibu kilomita 9 za msitu. Mpiga mzinga anarusha kombora juu ya miti bila kuona linakoangukia. Juu, katika Farman, kuna watu wawili. Injini na pangaboi viko nyuma yao, kwa hiyo mbele ni wazi. Rubani anaituliza ndege, mtazamaji anaangalia maji yanaporuka au tope linapotibuka, kisha anabonyeza alama za Morse, milio mifupi na mirefu, kwenye simu ya upepo, yaani redio isiyo na waya: limepita, halijafika, limeenda kushoto, limeenda kulia, na kwa kiasi gani. Chini wanarekebisha pembe ya mzinga, wanapiga tena, wanangoja tena.

Angalieni vizuri kinachotumwa pale. Hatumi "mmekosea." Kumwambia mpiga mzinga "mmekosea" hakumsaidii chochote, hajui aupeleke wapi mzinga. Lakini nusu ya maonyo yetu ni ya namna hiyo. Tunasimama kwenye ushirika na kusema "kanisa limepoa," "vijana wameharibika," "kuna watu humu ndani," halafu tunaketi tukiamini tumepiga tarumbeta. Hukupiga. Umepiga kelele. Nathani alipomwendea Daudi alimwambia ni wewe, ni Uria, ni mkewe, ni upanga wa wana wa Amoni. Daudi akajua pa kutubia. Onyo la kweli lina kipimo. Kama hela ya ujenzi imetumika kulipia kitu kingine, taja hela ya ujenzi, taja mwezi, na mwambie anayehusika.

Na umwambie peke yake. Tarehe 6 Julai meli zote mbili zilipiga kwa pamoja. Makombora zaidi ya 600 yalirushwa siku ile na kazi haikuisha, maana mtazamaji akiona maji yanaruka hajui ni kombora la nani, marekebisho ya mmoja yanachukuliwa na mwingine, na wote wanazidi kupotea. Königsberg ikajibu, Mersey ikapigwa, watu wakafa, wakarudi baharini. Siku tano baadaye walibadilisha jambo hilo: mmoja apige, mwingine angoje. Bwana Yesu alikwisha kusema katika Mathayo 18, "ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Sisi tunaonya watano kwa sentensi moja mimbarani, na yule mmoja aliyelengwa anageuka kumtazama jirani yake.

Tarehe 11 Julai katika Farman walikuwa Cull, rubani, na Arnold, mtazamaji. Severn ikatia nanga, ikaanza. Mipigo saba ya kwanza ilikosa, na kila mmoja ulipata marekebisho yake. Wa nane ukapiga. Wakati huo huo wapiga mizinga wa Königsberg walikuwa wameigeukia ndege. Vipande vya kombora vikaivunja injini.

Farman isiyo na injini haidondoki kama jiwe. Rubani akiinamisha pua kidogo inaserereka, na anapata dakika chache. Hizo dakika ndizo zimenifanya niandike. Arnold alituma kwanza kwamba wamepigwa, waletewe mashua. Akaendelea kutuma! Makombora yanaangukia upande wa mbele wa meli, sogezeni kuelekea katikati. Ndege inashuka, kidole kiko kwenye kibonyezo, na Severn ikasogeza, ikapiga katikati. Saa chache hazikupita, Looff, naye akiwa amejeruhiwa, akaamuru meli yake ilipuliwe kwa mikono ya mabaharia wake.

Ndugu yangu uliyeumizwa, sikuambii hukuumia. Aliyekuita mchochezi mbele ya wazee alikuita kweli. Aliyekuondolea zamu ya kufundisha aliiondoa kweli. Lakini kuna muda kati ya kupigwa na kufika chini, na muda huo unaona bado. Yeremia aliazimia asiseme tena kwa jina la Bwana, na moto ukamshinda mifupani. Paulo akawaaga wazee wa Efeso kwa machozi, akasema hakujiepusha na kuwahubiria kusudi lote la Mungu. Mithali 27:6 inaliita jeraha la rafiki kuwa ni amini. Ukinyamaza sasa kwa sababu ya uchungu, aliyekuumiza hapungukiwi kitu, ila yule binti wa kwaya anayeelekea kubaya hana mwingine anayemwona kutoka pale ulipo wewe. Tuma neno lako. Fupi, lenye kipimo, kwa mtu mmoja.

Nilitaka niishie hapo, ila kuna neno kwa wachungaji na wazee, na sitalilainisha. Ndege ya magurudumu ikitua majini, magurudumu ndiyo yanayokamatwa na maji kwanza, pua inazama, ndege inapinduka. Ndivyo ilivyokuwa. Arnold alirushwa nje, Cull akabaki chini ya maji akiwa amefungwa mkanda, akajinasua kwa taabu. Waliishi kwa sababu Cull aliilekeza ndege karibu na Mersey, na Mersey ikatoa mashua papo hapo, vita ikiendelea. Hakuna aliyeuliza kwanza kama marekebisho yao yalikuwa na heshima ya kutosha.

Sisi tunapokea onyo, tunarekebisha kimya kimya, tunafaidika, na mwonyaji tunamwacha azame. Tena tunamsema kwenye kikao kwamba alikuwa na roho ya uasi! Mtu ametuma ujumbe kwamba amepigwa: ameacha kuja Jumatano, amekaa viti vya nyuma, anatoka kabla ya baraka. Ujumbe umefika, wazee wangu. Mnausoma kila Jumapili.

Kwa hiyo wiki hii, badala ya mada ya kawaida ya jumuiya, naomba kila jumuiya itaje jina moja tu la mtu aliyewahi kusema kweli akaachwa. Wawili wamwendee nyumbani kabla ya Jumapili. Wabebe kilo ya sukari, wakae kwa muda atakaotaka yeye, na wasifungue habari za kile kikao mpaka mwenyewe aifungue.