Askari Hachukui Watoto Wanaolia

Miaka mitatu iliyopita, nikiwa na binti yangu wa miaka minne tukisubiri kivuko cha Kigamboni upande wa Magogoni, mtoto aligaragara sakafuni kwa sababu nilikataa kumnunulia aiskrimu. Joto lilikuwa kali, watu walikuwa wengi, na kila jicho lililonigeukia nililiona kama hukumu juu ya malezi yangu. Mama mmoja wa makamo, kwa nia njema kabisa, aliinama akamwambia, "Nyamaza, mwanangu, yule askari pale anachukua watoto wanaolia." Binti yangu alinyamaza papo hapo. Nilimshukuru yule mama kwa dhati, na tangu siku hiyo kauli yake ikawa dawa yangu kwenye daladala, sokoni, hata msibani.

Madhara ya dawa hiyo niliyaona Kariakoo, siku chache kabla ya Idi. Katika Mtaa wa Kongo nilimwachia mkono ili nilipie kitambaa, na nilipogeuka hakuwapo. Nilimweleza askari aliyekuwa jirani, naye akaanza kumtafuta, huku wauza mitumba nisiowajua wakiacha biashara zao kunisaidia. Baada ya karibu nusu saa tulimkuta amejibanza chini ya meza ya viatu, si mbali na pale nilipokuwa nimesimama. Mwenye meza mkabala alituambia kwamba askari alipita hapo mara mbili akiita jina lake, na kila alipokaribia, mtoto alizidi kujikunyata. Mtu aliyekuwa akihangaika kumrudisha kwangu ndiye niliyekuwa nimemfundisha kumwogopa.

Sindano ya daktari nayo tunaitumia hivyo hivyo, kisha tunashangaa mtoto anapopiga mayowe mlangoni mwa zahanati tunapompeleka kupimwa malaria. Wapo wanaoniambia kuwa kofi moja lingetosha. Makofi niliyowahi kumpiga mbele za watu, nikiyakumbuka leo, niliyapiga kwa ajili ya watazamaji.

Mtoto wa umri ule hajaweza kujizuia kama mtu mzima, na njaa, usingizi na joto humpunguzia hata uwezo mdogo alio nao. Kwa hiyo siku hizi kazi kubwa naifanya kabla hatujatoka: anakunywa uji, tunakwenda sokoni asubuhi, na tukiwa bado mlangoni namweleza tunachokwenda kununua na kile ambacho hatutanunua. Nikiahidi machungwa, nayanunua, hata kama nimechoka na mfuko umebaki na nauli na hela ya hayo machungwa tu, kwa kuwa mtoto aliyekwisha kudanganywa hana sababu ya kungoja kwa utulivu. Akilipuka, nambeba hadi pembeni, nachuchumaa mpaka macho yetu yalingane, kisha nasubiri bila maneno mengi. Mara nyingine kivuko hutuacha, tukapanda kinachofuata.

Nimemfundisha pia jina langu kamili na namba yangu ya simu, na kwamba akipotea asimame mahali alipo, amwombe msaada askari au mama mwenye meza ya biashara. Namba na jina amevishika vizuri. Askari bado. Akipita mwenye sare ya kaki, binti yangu hulishika gauni langu kwa nguvu, nami husimama, nikamsalimu askari yule kwanza, nikangoja. Mwezi huu amesema "shikamoo" mara mbili, kwa sauti ndogo sana, akiwa nyuma yangu.