Ikama ya marubani na viti visivyoruka

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kutunza ikama ya walimu, yaani orodha ya nafasi zinazotakiwa na watu waliozishika, katika halmashauri moja, na nilijifunza mapema kwamba neno "upungufu" halina uzito mpaka uulize limepimwa dhidi ya orodha ipi. Ndiyo maana kila ninaposoma kwamba Jeshi la Anga la Marekani limepungukiwa na marubani wapatao 2,000, habari inayorudiwa karibu kila mwaka tangu 2017, mimi huitafuta kwanza orodha ya nafasi iliyoizaa namba hiyo.

Jeshi hilo huchora hesabu yake kwa mistari miwili: mwekundu ni mahitaji na wa bluu ni marubani waliopo. Mstari mwekundu, unaozunguka nafasi 21,000 hivi, una mafungu manne: marubani wa vikosini, wakufunzi, walioko masomoni wakijifunza ndege mpya, na maofisa wa makao makuu ambao nafasi zao zimeandikwa kwamba lazima zishikwe na rubani. Watu wanapopungua, vikosi vya mapigano na vyuo vya urubani hujazwa kwanza, na pengo husukumwa kwenye madawati. Kwa hiyo anayesoma "marubani 2,000 hawapo" akadhani kuna ndege 2,000 zimeegeshwa bila mtu wa kuzirusha, amekosea.

Kwetu mambo yalikuwa kinyume. Mwalimu mmoja wa Hisabati alikaa kwenye orodha ya shule yake mwaka mzima ilhali alikuwa ofisini kwetu, mlango wa pili kutoka kwangu, akipanga majalada. Kwenye karatasi shule ile haikupungukiwa na mtu. Sisi tulificha pengo la darasani; Wamarekani angalau huliandika pengo la ofisini.

Hata hivyo, mstari mwekundu wenyewe si msahafu. Kwa ndege nyingi za kivita uwiano ni marubani 1.25 kwa ndege moja, hivyo kikosi cha ndege 24 huhesabiwa kuhitaji marubani 30. Mwaka 2018 wakaguzi wa Bunge la Marekani, GAO, walieleza kwamba mahitaji ya vikosi vya kivita hayakuwa yamepitiwa upya ili kuzingatia mzigo wa kazi zisizo za kuruka uliokuwa umeongezeka. Yaani huenda vikosini mahitaji yameandikwa pungufu, na hapo kikosi "kilichojaa" kinaweza kuwa na watu waliochoka.

Mstari wa bluu nao una kasoro yake, kwa sababu humhesabu kila rubani kuwa mmoja. Rubani wa ndege ya kivita ya F-16 huhesabiwa kuwa mzoefu akishafikisha takriban saa 500 katika ndege hiyo, na kabla ya hapo anahitaji mzoefu wa kuruka naye. Kikosi kikimezeshwa wageni wengi kupita kiasi, wazoefu wachache hugeuka walezi, na saa za kuruka za kila mmoja hupungua. Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Mwaka 1991 jeshi hilo lilikuwa na vikosi 134 vya ndege za kivita. Kufikia 2017 vilibaki 55. Mahali pa kumkomazia rubani mchanga pamepungua kwa zaidi ya nusu, ilhali ofisi zinazomtaka aliyekwisha kukomaa hazikupungua kwa kasi hiyo. Si ajabu kwamba kati ya marubani 1,850 hivi waliokosekana katika hesabu moja ya miaka ya karibuni, zaidi ya 1,100 walikuwa wa ndege za kivita.

Mashirika ya ndege ya kiraia huvuta watu, hilo halina ubishi, na jeshi hujibu kwa fedha: bonasi ya kubaki kazini ilipanda hadi dola 35,000 kwa mwaka mnamo 2017, kisha ikafika hadi 50,000 mwaka 2023. Ukikumbuka kwamba shirika la utafiti la RAND lilikadiria mwaka 2019 kuwa kumfunza rubani wa F-22 hugharimu karibu dola milioni 11, bonasi hiyo ni rahisi. Lakini fedha humzuia aliyekwisha kuiva asiondoke. Haimpi kijana wa mwaka wa kwanza ndege ya kurushia saa zake 500. Ningepewa ikama ile niipitie, ningeanza na fungu la nne, lile la makao makuu, nafasi moja baada ya nyingine, nikiuliza ni dawati lipi kweli linamhitaji rubani.