Injini ya rota iliyogoma kuwaka asubuhi

Gari la injini ya rota (injini ambayo rota ya pembetatu huzunguka badala ya pistoni kupanda na kushuka) lililoletwa gereji kwetu Katwe, Kampala, liligoma kuwaka kila asubuhi, ilhali betri, stata na pampu ya petroli zilikuwa nzima. Kwa kuwa maji ya rejeta yalipungua pasipo tone kuonekana chini, niliutia mfumo wa maji shinikizo kwa pampu ya mkono injini ikiwa baridi, nikauacha usiku kucha, kisha nikachomoa fyuzi ya petroli, nikafungua plagi za chini na kupiga stata: tundu la plagi ya rota ya mbele lilirusha maji ya kijani ya rejeta. Maji yalikuwa yakivujia ndani ya injini usiku na kulowesha plagi, ndiyo maana haikuwaka asubuhi. Kwenye injini ya pistoni ungeshuku gasketi ya silinda hedi, lakini injini hii haina gasketi hiyo, ingawa wauza spea husisitiza uinunue. Kilichokufa ni sili ya mpira ya kuzuia maji, iliyo kati ya nyumba ya rota (kasha ambamo rota huzunguka) na bamba la pembeni. Tuliifumua injini, tukasafisha mifereji ya sili yenye kutu, tukabadilisha sili zote.